Je, Wajua? Steringi Hakufika Tabora

Je, wajua kwamba mwaka 1939 Spencer Tracy alisafiri kwa miguu kutoka pwani hadi Ujiji, akatetemeka kwa homa, akamkuta Daktari Livingstone na kumsalimia, yote hayo bila kutoka Marekani? Filamu ni Stanley and Livingstone ya 20th Century-Fox, mwongozaji Henry King. Huku kwetu alitumwa Otto Brower na kikosi chake cha wapiga picha, wakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakivuna mbuga, mito na misururu ya wapagazi. Yule unayemwona kwa mbali akikwea kilima si Tracy, ni mtu aliyevishwa nguo kama zake. Kamera ikimsogelea Tracy mwenyewe, Afrika imeshahamia kwenye pazia nyuma ya mgongo wake.

Na bado picha yenyewe ni tamu. Nalisema mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kukufanya udhani nina kisirani na sinema za zamani. Sina. Nazipenda kiasi cha kuzikagua kama fundi cherehani anavyokagua mshono wa mwenzake. Na njia ya misafara, ile ya Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora hadi Ujiji, imepita kwenye sinema nyingi kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Shida ni kwamba steringi mara nyingi hakufika, na waliofika hawakupewa nafasi ya steringi.

Je, wajua kwamba rafiki mchekeshaji wa Stanley katika filamu hiyo, Jeff Slocum, hakuwahi kuwepo duniani? Alibuniwa ili Walter Brennan apate la kufanya. Wazungu wawili walioondoka kweli na Stanley walikuwa mabaharia, William Farquhar na John Shaw. Farquhar alifia njiani kabla ya kuiona Tabora. Shaw alifika, akaanza safari ya kwenda Ujiji, akashindwa, akarudishwa, akafia Kwihara, nje kidogo ya mji. Hollywood ilifanya hesabu ikaona watazamaji hawatalipa kiingilio kutazama hayo. Brennan, kwa upande wake, alikuwa tayari na Oscar mbili za mwigizaji msaidizi, na ya tatu aliipata kwa filamu ya mwaka uliofuata.

Tracy naye alikuwa moto. Alikuwa ametoka kubeba Oscar mbili mfululizo, kwa filamu za 1937 na 1938.

Je, wajua Stanley wa kweli alikaa Tabora muda gani? Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akaingia Kwihara tarehe 23 Juni, na hakutoka huko hadi 20 Septemba. Mfalme Mirambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na jeshi la Waarabu wa Tabora waliotaka kumwadhibu, wakapigwa vibaya mwezi wa Agosti, na Mirambo akaja mwenyewe kuchoma sehemu ya mji. Stanley, mwandishi wa gazeti, akabaki anatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe lake, akingoja kuvamiwa. Alipopata upenyo alizunguka mbali upande wa kusini ili asikutane tena na mtu huyo. Miaka mitano baadaye, 1876, alikutana naye uso kwa uso, wakachanjiana udugu, na Stanley akamfananisha na Napoleon Bonaparte. Napoleon ameigizwa na nani na nani tangu sinema ianze! Mirambo, mfalme aliyeanza na wapiganaji vijana wa rugaruga hadi akaitetemesha biashara ya pwani nzima, anatosha filamu tatu, na ningenunua tiketi ya kila moja.

Je, wajua nani alikuwa nyota wa kwanza wa kimataifa kupita Tabora? Kwa kura yangu ni mtoto Kalulu. Alikuwa mtumwa, na mfanyabiashara Mwarabu alimtoa zawadi kwa Stanley hapo hapo Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871. Jina lake la awali, kwa maandishi ya Stanley, lilikuwa Ndugu M'hali. Mwaka uliofuata akajikuta Ulaya, kisha New York, akipandishwa jukwaani kwenye mihadhara ya bwana wake. London wakampeleka studio ya picha, akasimamishwa pembeni ya Stanley aliyevaa mavazi ya safari, nyuma yao mandhari ya kupanga. Sinema ilikuwa haijazaliwa, lakini mtindo wake wa kuitengeneza Afrika ndani ya chumba ulikuwa umeshaanza. Sanamu ya nta ya Kalulu ikawekwa Madame Tussauds. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya Mto Congo akiwa na Stanley tena, bado kijana mdogo.

Tukitoka hapo, twende kwenye kisa ambacho, kama ningekuwa na kamera na fedha, ningeanza nacho kesho.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba wakafika Unyanyembe. Pale wakamkuta ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapo hapo Tabora. Wakakataa. Lakini mbele yao kulikuwa na vijiji ambavyo havitaki kabisa maiti ya mgeni ipite, na habari zilikuwa zimeshatangulia.

Walichofanya walipofika Kasekera kingempendeza Alfred Hitchcock. Waliufungua mwili, wakaufunga upya ndani ya kaniki uonekane kama mtumba wa kawaida wa bidhaa. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavisha sanda. Wakakunja karatasi ionekane kama barua, wakaichomeka kwenye ncha ya fimbo iliyopasuliwa, kama barua zilivyobebwa enzi hizo. Wanaume sita wa kuaminika wakatwishwa “maiti” hiyo ya mabua na kurudi nayo njia ya Unyanyembe, machoni pa watu, eti wameamua kwenda kuzika. Walipofika porini wakaanza kulitawanya bua moja moja vichakani wasiache alama, wakapotea gizani, wakazunguka kuwafuata wenzao. Mtumba wa kweli ukaendelea na safari. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey.

Soma tena. Kuna vazi la maigizo, kuna kifaa cha jukwaani, kuna waigizaji sita wanaocheza huzuni barabarani, na watazamaji kijiji kizima walioamini. Onyesho hilo lilichezwa karibu na Tabora miaka 22 kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema kwa tiketi mjini Paris.

Je, wajua Livingstone alishawahi kuigizwa na tapeli? Mwaka 1925 Mwingereza Marmaduke Wetherell aliongoza filamu isiyo na sauti iitwayo Livingstone, akajipa mwenyewe nafasi ya steringi, na, tofauti na Tracy, alifunga safari kuja Afrika kupiga picha. Miaka 8 baadaye gazeti la Daily Mail lilimwajiri akamtafute dubwana wa ziwa Loch Ness kule Scotland. Akatoka na nyayo kubwa za kutisha kando ya ziwa. Wataalamu wa makumbusho ya London wakazipima wakasema ni za kiboko, tena mguu mmoja tu, uliokaushwa. Kwa hasira ya kuaibishwa, yeye na jamaa zake wakatengeneza kichwa cha dubwana, wakakiweka juu ya chombo cha kuchezea watoto na kukipiga picha kikielea. Ndiyo ile picha maarufu ya 1934 ambayo dunia iliiamini kwa miongo kadhaa, hadi siri ilipotolewa hadharani miaka ya 1990.

Je, wajua uhusiano wa Spencer Tracy na stesheni ya Tabora? Ni mrefu kidogo, nivumilie. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 hadi Tracy alipofariki mwaka 1967, mwandani wake alikuwa Katharine Hepburn, aliyecheza naye filamu tisa. Tracy hakuja kwetu, Hepburn akaja. Mwaka 1951 alifika Congo ya Wabelgiji na Uganda pamoja na Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston kutengeneza The African Queen. Alivurugwa tumbo vibaya sana. Bogart na Huston hawakuugua, na walitamba maisha yao yote kwamba dawa yao ilikuwa whisky. Bogart akapata Oscar, ndiyo pekee aliyowahi kushinda. Hepburn akapata kitabu, alichokitoa mwaka 1987, na kichwa chake kirefu kinakiri kwamba karibu apoteze akili.

Sasa stesheni. Riwaya ya C. S. Forester iliyozaa filamu hiyo ilitiwa chachu na vita vya majini vya Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, na meli ya Kijerumani ya kwenye hadithi inakumbusha meli ya kweli, Graf von Götzen. Hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo adui mkuu wa Bogart na Hepburn alipita Tabora kwa behewa, akiwa nati na mabati, na hakuna hata mtu mmoja stesheni aliyejua kwamba anatazama mhusika wa Hollywood akipita.

Katika filamu meli inazama. (Samahani kama hujaiona, lakini imepita miaka zaidi ya 70.) Meli ya kweli pia ilizama, Julai 1916, ila kwa mikono ya Wajerumani wenyewe, ambao walipaka injini grisi kwanza kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba. Ingali ipo Kigoma. Kwenye mabanda ya video tulifundishwa kwamba steringi hafi. Huyu ni jambazi, na hakufa.

Boti ndogo ya Bogart je? Iliundwa Uingereza mwaka 1912, na kabla ya Hollywood kuibatiza African Queen, jina lake lilikuwa Livingstone. Mzee huyu haachi kutufuata.

Mbio mbio sasa:

Road to Zanzibar ya 1941, na Bob Hope, Bing Crosby na Dorothy Lamour, ilitengenezwa Hollywood. Paramount walikuwa na hadithi ya kutafutana porini, wakaona imefanana mno na Stanley and Livingstone, wakaamua bora waigeuze kichekesho.

Tanganyika ya 1954, na Van Heflin na Ruth Roman, haikupigwa Tanganyika. Waliazima jina tu.

Trader Horn ya 1931 ilipigwa kweli Afrika Mashariki na Congo, na mwigizaji mkuu mweupe wa kike, Edwina Booth, aliugua kiasi cha kuishitaki kampuni ya MGM. Picha za wanyama zilizobaki zikatumika kwenye Tarzan the Ape Man ya mwaka uliofuata. Kwa maana hiyo Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea mwenye medali tano za dhahabu za Olimpiki, alirukaruka mitini California huku wanyama wa kwetu wakimfanyia kazi bila mkataba.

King Solomon's Mines ya 1950 ilimpa nafasi ya Umbopa, mfalme anayejificha kwenye kundi la wapagazi, Mtutsi aliyeandikwa kwenye orodha ya waigizaji kwa jina moja tu, Siriaque. Stewart Granger na Deborah Kerr waliandikwa mawili mawili.

Mogambo ya 1953 ilimleta Clark Gable hadi Mto Kagera, pamoja na Ava Gardner na Grace Kelly. Gable alikuwa anarudia kazi yake mwenyewe, kwani hadithi hiyo alishaicheza mwaka 1932 kwa jina Red Dust, na Ava akikalia kiti cha Jean Harlow. Mimi ni wa Ava. Tusigombane.

Call Me Bwana ya 1963, ya Bob Hope tena, ilipigwa studio Uingereza. Ina heshima moja ya ajabu: tangazo lake kubwa lenye uso wa Anita Ekberg linaonekana ndani ya filamu ya James Bond ya mwaka huo huo, From Russia with Love, ambamo mtu anatoroka kupitia dirisha lililofichwa mdomoni mwa Anita. Watayarishaji wa filamu zote mbili walikuwa wale wale.

Haya, tutulie.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Tabora alikuwa steringi wa sinema kabla ya kuwa Waziri Mkuu? Rashidi Mfaume Kawawa, mtoto wa mwindaji wa tembo kutoka Songea, alisoma Shule ya Serikali Tabora, ile iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa watoto wa machifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika kwa ushirikiano wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Afrika Kusini. Iliyotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na wajanja waliomtangulia kuamka.

Waliozilipia filamu hizo walikuwa na nia yao. Walitaka mshamba abaki shamba na mji usijae. Lakini jambo moja liliwaponyoka. Kwa mara ya kwanza mtu wa Dar es Salaam au wa Tabora alikaa gizani akamtazama Mwafrika mwenzake katikati ya pazia, akiongea Kiswahili chake, akikosea, akicheka, akibeba hadithi yote mwanzo hadi mwisho bila bwana mwenye kofia wa kumwonyesha njia. Uso huo ukazoeleka. Mwaka 1955 mwenye uso alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, kiti kikaenda kwa Kawawa. Ronald Reagan aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981. Sisi tulikuwa tumeshamaliza mjadala wa kama mwigizaji anaweza kuongoza nchi.

Hollywood, tukumbushane, ingempa mwindaji wa tembo jina la Granger au Gable. Wa kwetu alikuwa mzee Mfaume, na mwanawe ndiye aliyeenda kwenye sinema.

Na wajua kwamba Kawawa hakuwa peke yake? Mwaka 1935 Alexander Korda alitoa Sanders of the River, ikiwa na Paul Robeson. Miongoni mwa waigizaji wa ziada waliovishwa mavazi ya kichifu alikuwepo Mkenya aliyekuwa akiishi London, Jomo Kenyatta. Robeson alipoiona filamu iliyokamilika, imegeuzwa kuwa sifa za ukoloni, aliikana kwa maisha yake yote.

Wawili wengine wa Sanders walikutana tena katika Men of Two Worlds ya 1946: Robert Adams wa Guiana ya Waingereza na Orlando Martins wa Nigeria. Hii hadithi yake iko Tanganyika. Kisenga, mpiga piano aliyekaa London miaka 15, anarudi kijijini kusaidia serikali kuwahamisha watu wake wapishe mbung'o na malale. Watu wa Unyamwezi hawakuhitaji kuambiwa hiyo ni habari gani, kwani kuhamishwa kwa sababu ya malale waliona kweli, vijiji vizima vikikusanywa na misitu kuachiwa mbung'o. Filamu inampa mganga sura ya shetani, kosa ambalo haliniruhusu kuipenda kwa moyo mmoja. Ila tega sikio kwenye muziki: mtunzi Arthur Bliss aliiandikia kipande cha piano, okestra na sauti za wanaume, akakiita Baraza.

Je, wajua sinema ya bure ilianzia wapi kwetu? Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wamishonari na maofisa walianzisha jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Zilitoka filamu 35. Sauti haikuwa ndani ya mkanda, ilitoka kwenye santuri, kwa hiyo ungeweza kubadilisha lugha kwa kubadilisha sahani. Lori likabeba mashine, jenereta na shuka la kuonyeshea, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mafunzo yalikuwa ya chai, kodi, na faida za kuweka akiba posta badala ya kuchimbia shimoni. Wazo lile la santuri halikufa. Lufufu, mfasiri maarufu wa kanda za video Tanzania, alikuja kufanya jambo lile lile kwa koo lake mwenyewe, akawasemea majambazi, mashangazi na wachumba wote wa filamu moja.

Na Wahindi? Je, wajua kwamba karibu miaka mia moja kabla ya Raj Kapoor kuimbwa mitaani kwetu, Tabora ilikuwa na Mhindi wake mashuhuri? Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka Surat, alikuwa na nyumba Kazeh, yaani Tabora ya enzi hizo, na John Hanning Speke alikuwa mgeni wake mwaka 1861. Misafara ilipokwisha ikaja reli, na reli ikaja na maduka, na maduka yakaja na hamu ya sinema. Filamu ya saa tatu ni mkanda wa karibu kilomita tano, uliogawanywa kwenye makopo mazito ya duara. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkanda wenyewe mara nyingi ulikuwa wa naitreti, unaowaka kama petroli. Makopo hayo yalisafiri bara kwa treni na mabasi kutoka mji hadi mji, na picha iliyotazamwa Dar es Salaam na Zanzibar ingefika ndani ya nchi imeshachanika na kuungwa mara kadhaa, na busu moja au mawili yamebaki njiani.

Awaara ya 1951 ndiyo iliyotuteka. Baba yake Raj Kapoor ndani ya filamu ni jaji mkali asiyejua kwamba mshitakiwa ni mwanawe, na anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba yake mzazi. Mtoto anayecheza Raj wa utotoni ni Shashi, mdogo wake. Babu yao naye yumo. Ukoo mzima ulihamia kazini.

Mother India ya 1957 ina kisa kitamu zaidi. Nargis anacheza mama, Sunil Dutt anacheza mwanawe mtukutu. Wakati wa kupiga picha moto wa maigizo ukawa moto wa kweli, Nargis akazingirwa, Dutt akajitosa kumwokoa, akaungua. Mwaka 1958 “mama” na “mwana” wakaoana. Nyimbo za filamu kama hizi ziliingia kwenye taarabu moja kwa moja. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kwa kuvisha sauti za Kihindi mashairi ya Kiswahili.

Je, wajua Marlon Brando na Julius Nyerere walikutana wapi? Kwa Shakespeare. Brando alikuwa Mark Antony katika Julius Caesar ya 1953. Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's ya hapo hapo baada ya Makerere, alitoa tafsiri yake ya tamthilia hiyo mwaka 1963, huku akiwa rais. Tazama filamu huku kitabu cha Mwalimu kiko mapajani, uone nani anamzidi mwenzake kwa fitina za hotuba.

Je, wajua nani alimpa Sidi Mubarak Bombay sura? Huyu Myao, aliyeuzwa utumwani India na kurudi Zanzibar akiwa huru, aliingia Tabora na Burton na Speke Novemba 1857, akarudi na Speke na Grant, akarudi tena na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Atlantiki. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ikampa medali ya fedha na kiinua mgongo. Mwaka 1990 mwongozaji Bob Rafelson alitoa Mountains of the Moon, iliyopigwa Kenya, Patrick Bergin akiwa Burton na Iain Glen akiwa Speke. Bombay aliigizwa na Mkenya Paul Onsongo. Hakupewa muda wa kutosha, lakini mtazame katika kila tukio ambalo Wazungu wawili wanagombana. Uso wake unasema kwamba ameshawabeba wengine kama hawa na atawabeba wengine tena.

Mwisho, wakikuuliza kijiweni ni nyota gani wa sinema aliyekuja kupiga picha Tanganyika kisha akakataa kuondoka, usikurupuke kusema John Wayne. Wayne alikuja kwa ajili ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Arusha na viunga vyake mwaka 1960 na 1961, kabla tu ya Uhuru, na waigizaji wakawafukuza vifaru wenyewe bila kuwekewa watu wa kuwabadili. Kazi ilipokwisha Wayne akapanda ndege. Aliyebaki ni Mjerumani Hardy Krüger, dereva wa kundi la Wayne kwenye filamu. Alinunua shamba pale pale Momella, chini ya Mlima Meru, akafungua hoteli.

Tabora hakufika na yeye.